Mzee Stamen na Uzi Mweusi

Zdravka Petkova alikuwa mkaguzi wa tiketi mjini Pleven, huku kwetu Bulgaria, kwenye mabasi ya umeme yale yanayoshika nyaya juu, na watu wengi waliamini ni kazi hiyo iliyomharibu. Si kweli. Kazi ilimkuta ameshaiva. Tangu usichana wake alikuwa akinusa maziwa aliyochemsha mama yake mzazi, na siku ya harusi alinusa divai ya kikombe cha baraka mbele ya padri kabla hajaigusa kwa mdomo. Bwana harusi mwenyewe hakukaa sana. Alisema nyumba ile ina askari mmoja na mshtakiwa mmoja, naye amechoka kuwa mshtakiwa.

Kazini, basi, alikuwa kama samaki majini. Abiria akijipapasa mifuko na kuanza kueleza kuwa ameacha pochi nyumbani, au anatoka mazishini, au mashine ya tiketi imekula sarafu yake, Zdravka alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akasema, "Kila asiye na tiketi ana hadithi," na kuandika faini. Hakuwahi kumsamehe mtu. Aliona kusamehe ni namna ya kudanganywa ukiwa macho.

Alikuwa na binti mmoja, Tsvetomira, ambaye wote walimwita Mira. Pasaka moja Mira alimleta nyumbani mchumba wake, Kamen, fundi wa vigae, kijana mpole mwenye mikono mikubwa. Jamaa wote walikuwepo, kondoo yuko mezani, mayai mekundu yameshagonganishwa, na Zdravka akagundua kuwa hereni yake moja haipo sikioni. Alitazama meza nzima, jicho likasimama kwa yule mgeni. "Kamen, mwanangu," akasema, "hebu toa vilivyomo mfukoni." Kijana akatoa. Ufunguo, leso, na maganda ya yai ambayo aliona haya kuyaacha juu ya kitambaa cha meza.

Hereni ilionekana baadaye, imenasa kwenye sponji ya kuoshea vyombo. Zdravka hakuomba radhi. "Kuuliza si kutukana," alisema, na akaendelea kusema hivyo hata Mira na Kamen walipohamia Hispania, wakafunga ndoa bila yeye, na Mira akabadilisha namba ya simu. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Maji yakimwagika hayazoleki, na huyu mwenzetu hata kitambaa hakuwa amekishika.

Habari za Mira alizipata kwa Yordanka, mtoto wa dada yake, ambaye mdomo wake hauna mlango. Wakiwa kwenye karamu ya kumkumbuka marehemu fulani, Yordanka aliropoka kuwa Mira siku hizi anaongoza kikosi kwenye mchezo wa mtandaoni uitwao Ngome za Theluji, na kikosi chenyewe wamekiita Chubritsa, kama kile kiungo cha kunyunyizia mkate.

Zdravka alirudi nyumbani akafungua chumba cha Mira, akaipangusa vumbi kompyuta aliyoiacha binti yake, na akaanza kujifunza mchezo. Mwanzoni alikufa kila alipotoka getini. Aliuawa na mbwa mwitu, akauawa na baridi, na safari moja akauawa na mbuzi. Lakini mwanamke aliyewahi kumfukuza mwanafunzi asiye na tiketi kuanzia sokoni hadi stesheni ya treni hashindwi na mbuzi. Aliupata ustadi. Alijitengenezea mhusika, mzee mfuga nyuki anayeponya majeraha kwa asali, akamwita Stamen, akaomba kuingia Chubritsa. Akaandika kuwa maikrofoni yake imekufa, kwa hiyo atawasiliana kwa maandishi tu.

Alikwenda kupeleleza, tusimpambe. Alitaka kujua kama Kamen anampiga, kama wanakula, kama Mira anamsema vibaya. Lakini Mzee Stamen akageuka mtu mwingine. Mzee Stamen hakumshuku mtu. Hakuwa na hereni ya kupotea wala mlango wa kufunga. Mira akichelewa, mzee aliandika, "Hakuna shida, binti yangu." Mtu wa kikosi akikosea wakafa wote, mzee alikuwa wa kwanza kusema pole. Mira alimpenda. Alimweka nyuma yake katika kila pambano, kwa sababu alijua akiumia ataponywa, na baada ya mapambano wawili hao walibaki kando ya moto wa kambi wakiandikiana mambo ya kawaida, mvua za Valencia, bei ya pilipili, Kamen na mgongo wake.

Mwisho wa Februari Mira aliandika, "Mzee, nikuambie siri?"

"Niambie."

"Nina mimba. Hata mama mkwe hajui bado. Ni wewe na Kamen tu."

Zdravka aliondoa mikono kwenye vibonye akaiweka mapajani. Kisha akaandika, "Hongera, binti yangu. Kula maini."

"Haha. Unaongea kama mama yangu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Yupo. Tuache hayo, mzee wangu."

Sasa tufike kwenye uzi. Kwa miaka mingi wachezaji wa Bulgaria walikuwa wakiilalamikia kampuni ya mchezo iwawekee martenitsa, na mwaka huo kampuni ikakubali. Tarehe mosi Machi, kila kiongozi wa kikosi aliweza kuwafunga watu wake uzi mwekundu na mweupe mkononi, kama tunavyofungana sisi wenyewe, uzi usiovuliwa mpaka mtu aone ndege korongo amerudi au mti umechanua. Mira aliwafunga wote, mmoja mmoja. Alipofika kwa Stamen aliandika yale maneno ya siku zote, "Uwe mweupe na mwekundu mwaka mzima, mzee wangu."

Zdravka akausogeza uso kwenye kioo. Uzi ulikuwa mwekundu na mweusi.

Mtu asiye wa huku atasema, rangi ni rangi. Lakini kwetu kitambaa cheusi hutundikwa mlangoni kwa aliyefiwa, na martenitsa ni ya afya. Kuichanganya na nyeusi ni kumtakia mtu kifo huku unamkumbatia. Na huyu aliyeufunga ana mtoto tumboni. Zdravka alikaa akiutazama mkono wa yule mzee wa kuchora, na moyo wake ukarudi kazini. Mira amegundua mimi ni nani, aliwaza, na hili ndilo jibu lake. Kisha akajikatalia, Mira hana roho hiyo. Ni Gencho, basi, yule msaidizi wa Mira, ambaye tangu zamani anamwonea wivu Stamen. Au ni hao wa kampuni, wanatucheka.

Kampuni ilikuwa imetoa tangazo. Baadhi ya wachezaji, lilisema, wanaona rangi ya uzi isivyo sahihi. Ni kasoro ya sura tu, haigusi mchezo, itarekebishwa. Tafadhali msibadilishe faili zozote. Zdravka alilisoma kama anavyosoma tiketi iliyofutwafutwa. Hilo neno "baadhi" lilimchekesha. Alishawasikia wengi wakisema baadhi.

Siku chache baadaye, wakinywa kahawa ya mashine kwenye gereji ya mabasi, alimweleza Veneta, dereva, mtu pekee aliyejua habari za Mzee Stamen.

"Si uuvue tu," Veneta akasema. "Kuna kitufe."

"Martenitsa nivue sasa hivi? Wewe umeona korongo? Umeona hata mti mmoja uliochanua?"

"Zdravka, shoga yangu, huyo mzee hana mkono. Hana hata ini."

"Aliyemfunga anao mkono. Na tumbo analo."

Veneta akakoroga kahawa yake. "Basi muulize binti anaona rangi gani. Andika tu, jamani, mwenzangu mbona uzi wangu uko hivi? Basi."

"Nikimuuliza atajua kwamba nimeona."

"Si ndiyo maana ya kuuliza?"

"Kama ni yeye kafanya makusudi, nimejianika. Kama hakujua, nimemtia hofu na mimba yake. Siulizi."

"Wewe," Veneta akasema, "siku ukifika mbinguni utamwomba Mtakatifu Petro kitambulisho." Akaondoka kuwahi basi lake.

Kwenye kurasa za wachezaji kulikuwa na watu waliogawa faili iliyokwisha kurekebishwa. Unaipakua, unaiweka mahali pa ile ya zamani, uzi unakuwa mweupe. Zdravka hakuigusa. Faili ya mtu usiyemjua ndiyo njia ya kuibiwa akaunti na kila kilicho ndani ya kompyuta, na katika hilo alikuwa na akili kuliko wengi. Ila hekima yake iliishia hapo. Alijiambia, nisichomwamini mwingine nitakifanya kwa mkono wangu. Akaitafuta picha ya uzi ndani ya mafaili ya mchezo, mpaka akaipata, mstari mwembamba kama unywele. Hata humo nusu yake aliiona nyeusi. Akaifungua kwa programu ya kuchorea ya watoto na kuipaka nyeupe, nukta kwa nukta, ameshikilia pumzi kama anayetia uzi kwenye sindano. Kompyuta ikamwonya kuwa faili hii ni ya mchezo, je, ana hakika? Alikuwa na hakika. Hakuna aliyeniletea, alijisemea, kwa hiyo hakuna wa kunishtaki.

Uzi ukawa mweupe na mwekundu. Siku kadhaa Zdravka aliishi kwa raha. Mira aliandika kuwa kipimo cha kliniki ni kizuri, mtoto ana moyo unaodunda, na Zdravka akajua, bila mtu kumwambia, kuwa ni yeye aliyemwokoa.

Alichokisahau ni kwamba michezo hii ina mlinzi wake, na mlinzi huyo haulizi mkono ni wa nani. Hupita kila faili na kuilinganisha na ya kampuni, na ikitofautiana hata kwa nukta, umekwisha. Kwake aliyepaka uzi rangi na aliyejipa upanga wa kuua watu kupitia ukuta wote ni kundi moja. Jumapili mchana kikosi kilikuwa ndani ya korongo la barafu, Mira mbele, Stamen nyuma yake na asali yake, na jitu la barafu limeinua rungu. Ghafla kioo cha Zdravka kikawa cheupe. Faili za mchezo zimebadilishwa, kikasema. Akaunti hii imefungwa daima. Kule walikobaki wenzake, tangazo lilipita mbele ya macho ya wote: Stamen ameondolewa kwa udanganyifu.

Aliandika rufaa. Alieleza kila kitu, uzi, mila, rangi nyeusi, mimba, kuwa hakupata faida yoyote, kuwa aliona tu kasoro ya sura akaiondoa. Ilikuwa barua ya kweli kuliko zote alizowahi kuandika. Jibu likaja upesi. Wachezaji wengi wanaofungiwa, lilisema, hutueleza sababu nzuri. Nia hatuwezi kuipima, tunapima faili. Uamuzi ni wa mwisho.

Kesho yake, kwenye basi la asubuhi, bibi mmoja mwenye kikapu cha vitunguu alijipapasa na kuanza kueleza kuwa tiketi alikuwa nayo sasa hivi tu, mkononi. Zdravka alifungua kinywa aseme lile neno lake, neno likakwama. Bibi akamtazama kwa matumaini. Zdravka akamwandikia faini vilevile. Usimtarajie makubwa mno kwa siku moja.

Jioni hiyo alifungua ukurasa wa Chubritsa, ambao hata asiye na akaunti anaweza kuusoma. Alitaka kuona kama Mira amemsikitikia mzee wake. Mira alikuwa ameandika hivi: "Kama kuna anayemjua Stamen nje ya mchezo, tafadhali aniambie ni nani. Nilimwambia mambo yangu. Anajua mtaa ninaokaa, anajua kliniki ninayokwenda. Hakuwahi kutoa sauti hata siku moja."

Chini yake Gencho akajibu, "Mimi nilisema. Mzee gani hana sauti?"

Na Mira tena: "Silali. Kamen anataka tuhame. Leo presha imepanda, daktari kanikasirikia."

Zdravka alisoma mpaka herufi zikaanza kuogelea. Mtoto wake alikuwa na mimba na hofu, na kitu alichokiogopa kilikuwa kimekaa hapa Pleven kimevaa ndara. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Njia ya kwanza iliyomjia ilikuwa ya zamani: afungue akaunti mpya, aseme yeye ni mpwa wa Mzee Stamen, mzee ni mtu mwema, amelazwa hospitali. Akaandika nusu ya maneno hayo. Kisha akayafuta. Mira angeuliza hospitali gani, wodi gani, na mpwa ni mtoto wa nani. Yule alikuwa binti yake, hakumwokota.

Akampigia Yordanka.

"Nipe namba ya Mira."

"Mama mdogo, aliniapisha nisikupe."

"Najua. Nipe."

"Utampandisha presha."

"Imeshapanda, mwanangu. Mimi ndiye niliyempandisha."

Sijui Yordanka alisikia nini kwenye sauti ile, maana namba aliitoa bila kuuliza tena, jambo ambalo si kawaida yake. Zdravka akapiga papo hapo, kwa sababu alijijua. Akilala nayo, ataamka na sababu. Mira alipokea kwa Kihispania.

"Mira, ni mama. Usikate. Nina jambo moja, nikimaliza ukitaka ukate."

Mira hakukata.

"Mzee Stamen ni mimi."

"Unasema nini wewe?"

"Hakuna mzee. Hakuna mtu anayekufuatilia. Ni mimi, nimekaa chumbani mwako kwenye kompyuta yako. Msihame, kaeni mlipo, na wewe ulale."

"Thibitisha."

"Ukisikia kichefuchefu unalamba limau na chumvi. Kamen huliimbia tumbo lako akidhani umelala. Ulimwambia Stamen asimwambie mtu."

Zdravka alisikia pumzi ndefu, kisha kilio, kile cha mtu aliyekuwa ameshikilia ukuta ukaondolewa. Alisubiri. Hakujitetea.

"Muda wote huo," Mira akasema. "Ulikuwa unanichunguza."

"Mwanzoni, ndiyo."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikuwa nacheza na mwanangu."

Mira alipenga kamasi. "Na ulikuwa unaiba nini mpaka wakakufungia?"

"Sikuiba. Ile martenitsa uliyonifunga ilikuwa nyeusi. Nyeusi, Mira, na wewe una mtoto. Nikaogopa. Nikaipaka nyeupe, hivyo tu."

"Haikuwa nyeusi, mama."

"Niliiona kwa macho yangu."

"Nilikuwa nimesimama mbele yako kila siku. Ilikuwa nyeupe. Kikosi kizima tuliiona nyeupe. Hiyo kompyuta ndiyo mbovu, ilikuwa inaharibu rangi tangu nasoma, picha za aina fulani inazionyesha nyeusi. Katika kikosi ni kwako tu. Nilikufunga uzi mweupe. Kwa nini hukuniuliza?"

Zdravka alikuwa amewauliza watu maisha yake yote. Aliwauliza wametoka wapi, wanashuka wapi, mfukoni mna nini. Swali hilo moja la rangi ya uzi, jepesi kuliko yote, hakuliuliza.

"Kamen," alisema hatimaye. "Mwambie nilimkosea. Ile Pasaka. Nilimkosea, na nilijua siku ile ile."

"Sijui kama nikuamini," Mira akasema, taratibu, bila ukali. "Unaona ulivyonifanya? Hata hili sijui kama nikuamini."

"Sina cha kukuonyesha, mwanangu. Wameshafunga kila kitu."

Nyuma ya Mira mlango ukafunguka, na Zdravka akasikia sauti ya mwanamume, ile sauti ya upole, karibu na simu. "Unalia? Nani huyo?"

Mira alifunika simu kwa kiganja, lakini si vizuri.

"Mtu wa kwenye mchezo," akasema.

Zdravka alisikia. Akaibana simu sikioni na kuendelea kusubiri, maana haikuwa imekatwa.